Shajara ya mradi: kuziingia ruta tisa za Lamu bila kupanda boti

Hali ya kuanzia

Ruta ni tisa: Langoni, Shela, Matondoni, Kipungani, Mokowe, Manda Maweni, Siyu, Faza na Kizingitini. Sita zinatumia OpenWrt, mfumo huria wa ruta unaotokana na Linux. Tatu za Shela, Matondoni na Mokowe ni za kampuni ya MikroTik, zenye mfumo wake wa RouterOS. Langoni, Shela na Manda zimeunganishwa kwa redio zilizo juu ya milingoti, kwa sababu kuta za mawe ya matumbawe za mji wa kale hazipitishi WiFi hata chumba kwa chumba. Zilizobaki zinapata intaneti kwa laini za 4G.

Laini za simu hazitupi anwani ya hadharani. Ruta hupewa anwani ya ndani ya kampuni ya simu, mara nyingi ya safu ya 100.64.0.0/10, iliyotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa. Kwa hiyo huwezi kuigongea ruta mlango ukiwa nje. Ruta yenyewe ndiyo ipige hodi kwetu, na mlango ukishafunguka tuupitie huo huo kurudi.

Yaliyokutwa: nenosiri moja la msimamizi mkuu (`root`, au `admin` kwenye MikroTik) kwa ruta zote, linalojulikana na kila fundi aliyewahi kupita, anwani za vifaa ziko daftarini, nyingine zimefutwa na kuandikwa tena, na njia pekee ya kurekebisha kosa Faza au Kizingitini ni kwenda. Kwenda huko kunangoja maji, kwa kuwa Mkanda kati ya Manda na bara haupitiki maji yakitoka.

Kanuni moja iliwekwa kabla ya kugusa kifaa chochote: mpangilio usitegemee kitu ambacho nacho kinautegemea mpangilio huo huo. Saa inangoja handaki (njia iliyofichwa kati ya ruta na seva yetu), handaki linangoja jina, jina linangoja handaki. Duara kama hilo likifunga, ruta iko hai, taa zinawaka, wateja huenda hata wanapata intaneti, na wewe huingii. Karibu kila kilichoharibika katika mradi huu kilikuwa duara la namna hiyo.

Juma la 1: seva na handaki

Imekodiwa seva ndogo ya Debian (aina ya Linux) yenye anwani ya hadharani. Inaitwa `nanga`. Humu shajarani anwani yake imeandikwa 203.0.113.10 na jina lake `nanga.example.org`, ambazo ni anwani na jina la mifano tu.

Handaki ni WireGuard, ambayo imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020. RouterOS 6 haina WireGuard, kwa hiyo MikroTik zote tatu zilipandishwa hadi RouterOS 7 zikiwa bado mezani Langoni. Safu ya handaki ni 10.77.0.0/24: `nanga` ni .1, ruta ni .11 hadi .19. Siyu ni .17, Faza .18, Kizingitini .19. Nambari hizo zimeandikwa kwa rangi chini ya kila kisanduku, maana karatasi za gundi hazimalizi kaskazi moja kwa chumvi iliyoko hewani.

Upande wa ruta ya OpenWrt, faili `/etc/config/network`:

```
config interface 'wg0'
    option proto 'wireguard'
    option private_key '...'
    list addresses '10.77.0.17/24'

config wireguard_wg0
    option public_key '...'
    option endpoint_host '203.0.113.10'
    option endpoint_port '51820'
    option persistent_keepalive '25'
    option route_allowed_ips '1'
    list allowed_ips '10.77.0.0/24'
```

Hiyo 25 ya `persistent_keepalive` ni sekunde: ruta hutuma pigo dogo kila muda huo ukipita. Mitambo ya kampuni za simu husahau njia ya UDP (aina ya paketi ambazo WireGuard hutumia) isiyotumika, mingine baada ya sekunde 30 tu, na njia ikisahaulika `nanga` haiwezi kuifikia ruta mpaka ruta iseme tena. Gharama yake kwa bando ilihesabiwa kwanza. Pigo moja ni baiti 60 pamoja na vichwa vya IP na UDP, mara 3,456 kwa siku, yaani kama KB 207. Salamu mpya ya handaki (ruta na seva kuthibitishana upya) kila dakika mbili, kwenda na kurudi, ni baiti 296 mara 720, kama KB 213. Jumla haizidi sana MB 13 kwa mwezi. Inalipika.

Anwani ya `nanga` imeandikwa kwa nambari, si kwa jina, na kuna sababu. WireGuard hulitafuta jina mara moja tu, pale handaki linapowashwa, kisha hubaki na nambari iliyoipata. Seva ikihamia anwani nyingine, ruta iliyoandikiwa jina itaendelea kupiga hodi kwenye nyumba tupu. OpenWrt ina skripti ya `wireguard_watchdog` inayolitafuta jina upya salamu zikikatika, ukiiweka kwenye cron (ratiba ya kazi za kujirudia) kila dakika. Tumeiacha. Jina lingeongeza kitu kimoja zaidi cha kuharibika, na siku `nanga` itakapohama tutaweka anwani zote mbili kabla ya kuzima ya zamani.

Juma la 2: Siyu yapotea, yarudi bila safari

Umeme ulikatika Siyu usiku, ukarudi. Ruta ikawaka, handaki halikupanda. Kwenye `nanga`, `wg show` ilionyesha salamu ya mwisho ya saa tisa nyuma. Hilo peke yake halisemi mengi, kwa hiyo tukasikiliza waya:

```
tcpdump -ni eth0 udp port 51820
```

Paketi zilikuwa zinakuja. Kila sekunde chache moja ya urefu wa 148, na `nanga` haijibu hata moja. Urefu wa 148 ni ombi la kuanzisha salamu. Jibu lake huwa 92. Ombi linafika, linapuuzwa kimya, bila mstari wowote kwenye kumbukumbu za mfumo.

Sababu ni saa. Ruta hizi hazina betri ya saa. Zikizimika zinasahau wakati, na OpenWrt ikiwaka hujiwekea tarehe ya faili jipya kuliko yote ndani ya `/etc`. Siyu faili hilo lilikuwa la wiki mbili nyuma. Ndani ya ombi la salamu WireGuard huweka muhuri wa wakati, na upande wa pili hukataa muhuri wowote ulio nyuma ya wa mwisho aliouona, ili mtu asirudie paketi aliyoinasa zamani. Ruta ilikuwa inatuma mihuri ya wiki mbili nyuma. Ingejirekebisha yenyewe kwa NTP (huduma ya kuuliza saa mtandaoni), lakini maswali yake yote ya majina yalielekezwa 10.77.0.1, ndani ya handaki ambalo halijapanda. Saa inangoja jina, jina linangoja handaki, handaki linangoja saa.

Dawa iko upande wa seva. Muhuri wa mwisho unatunzwa pamoja na mwenzi wa handaki, yaani rekodi ya ruta hiyo kwenye seva. Ukimfuta mwenzi huyo na kumrudisha, muhuri nao unafutika:

```
wg set wg0 peer UFUNGUO remove
wg set wg0 peer UFUNGUO allowed-ips 10.77.0.17/32
```

Ombi lililofuata likajibiwa. Tarehe ya ruta ilikuwa bado ya wiki mbili nyuma tulipoingia, na hiyo ikathibitisha chanzo.

Mabadiliko yaliyofanywa kwa ruta zote baada ya hapo: maswali ya kawaida ya majina yanakwenda kwa seva za laini ya simu yenyewe, na majina yetu ya ndani tu ndiyo yanayopita handakini. Seva ya saa ya kwanza katika orodha imeandikwa kwa nambari, 203.0.113.10, ambako `nanga` inatoa wakati kwa programu ya chrony nje ya handaki. Kwenye OpenWrt, cron inagusa faili moja ndani ya `/etc` kila usiku saa tisa na robo, ili ruta ikizimika isirudi nyuma zaidi ya siku moja. Hilo la mwisho halitoshi peke yake, maana saa itakuwa bado nyuma ya muhuri wa mwisho. Linapunguza tu pengo ambalo NTP inapaswa kuliziba.

Juma la 3: funguo badala ya nenosiri

Kila fundi ana ufunguo wake wa SSH (njia salama ya kuingia kifaa cha mbali na kukipa amri), wenye neno lake la kuufungua. Hakuna ufunguo wa pamoja. Mtu akiondoka unafutwa mstari mmoja kwenye kila ruta, wengine hawaguswi.

```
ssh-keygen -t ed25519 -f ~/.ssh/amu_ed25519 -C fundi2
```

Kwenye OpenWrt ufunguo wa hadharani unakaa `/etc/dropbear/authorized_keys`, si `/root/.ssh` kama kwenye Debian. Faili liwe na ruhusa ya 600 na folda 700. Likiwa linaandikika na wengine, Dropbear (programu ya SSH ya OpenWrt) hulikataa na kuendelea kuuliza nenosiri kana kwamba ufunguo haupo. Sababu utaiona kwa `logread` tu, amri ya kusoma kumbukumbu za ruta. Dropbear inaielewa Ed25519, aina hiyo ya ufunguo, kuanzia toleo la 2020.79, kwa hiyo ruta yenye programu ya zamani zaidi ipandishwe kwanza.

MikroTik zimepewa ufunguo wa pili wa RSA wa biti 4096, kwa kuwa RouterOS ilichelewa kukubali Ed25519 na hatutaki kuingia kwetu kutegemee toleo lililomo. Faili linapakiwa kwa `scp`, kisha:

```
/user ssh-keys import public-key-file=fundi2.pub user=fundi2
/ip ssh set strong-crypto=yes
/ip service set ssh address=10.77.0.0/24,192.168.88.0/24
```

Ukishampa mtumiaji ufunguo kwenye RouterOS, nenosiri lake halikubaliki tena kwa SSH mpaka uruhusu waziwazi. Ni ulinzi mzuri, lakini asiyejua ataona nenosiri sahihi linakataliwa na kudhani limebadilishwa. Kwa dharura ipo akaunti ya pili ya nenosiri tu, iliyofungiwa kwenye 192.168.88.0/24, yaani kwa aliyesimama mbele ya ruta na waya mkononi. Akaunti ya `admin` imezimwa.

Mpangilio wa kufunga nenosiri ni huu, na haurukwi hata kwa ruta iliyo jirani. Unaingia kwa nenosiri na kukiacha kikao hicho wazi. Unaweka ufunguo. Unafungua terminali nyingine na kujaribu:

```
ssh -o PasswordAuthentication=no -o ControlPath=none faza
```

Hiyo `ControlPath=none` ina kazi yake. Kama kompyuta yako imewekwa kushirikisha vikao vya SSH katika muunganisho mmoja, jaribio lako litapanda mgongoni mwa kikao cha kwanza kilichokwisha kuingia kwa nenosiri. Litafaulu bila ufunguo kuulizwa kabisa, utafunga nenosiri ukiwa na furaha, na kikao cha kwanza kikikatika umebaki nje. Jaribio likipita kwa haki, ndipo:

```
uci set dropbear.@dropbear[0].PasswordAuth='off'
uci set dropbear.@dropbear[0].RootPasswordAuth='off'
uci commit dropbear
/etc/init.d/dropbear restart
```

Mpangilio wa `Interface` wa Dropbear umeachwa mtupu kwa makusudi. Unavutia kuifunga SSH isikilize `wg0` peke yake, lakini handaki lisipopanda hata fundi aliyefika kwa boti na waya wake hataingia. Kuzuia kwa nje kunafanywa na fayawoli: handaki lina eneo lake linaloruhusiwa kuingia, upande wa 4G umekataliwa.

Redio moja ya zamani kwenye mlingoti wa Manda ilikataa kwa maneno `no matching host key type found. Their offer: ssh-rsa`. OpenSSH (programu ya SSH ya kompyuta zetu) kuanzia 8.8 ya mwaka 2021 haitumii tena saini za `ssh-rsa` zenye SHA-1 isipoambiwa. Programu mpya ya redio hiyo haipo, kwa hiyo ruhusa imetolewa kwake peke yake ndani ya `~/.ssh/config`, kwa `HostKeyAlgorithms +ssh-rsa` na `PubkeyAcceptedAlgorithms +ssh-rsa`. Usiweke mistari hiyo chini ya `Host *`. Ukiiweka hapo umekilegeza kila kifaa kwa ajili ya kizee kimoja.

Juma la 3, nyongeza: faili la `~/.ssh/config`

Hapa ndipo daftari lilipozikwa. Faili ni moja, linatunzwa `nanga`, kila fundi analivuta.

```
Host siyu
    HostName 10.77.0.17
    ProxyJump nanga

Host siyu-waya
    HostName 192.168.1.1

Host siyu siyu-*
    User root
    HostKeyAlias siyu.amu.internal

Host nanga
    HostName 203.0.113.10
    User fundi2

Host *
    IdentityFile ~/.ssh/amu_ed25519
    IdentitiesOnly yes
    ConnectTimeout 20
    ServerAliveInterval 15
    ServerAliveCountMax 4
```

SSH hulisoma faili hili kutoka juu, na thamani ya kwanza kukutwa ndiyo inayoshika. `Host *` ikae chini siku zote. Nakala moja iliyokuwa nayo juu, yenye `User fundi2`, ilifanya kila ruta ya OpenWrt iulizwe mtumiaji asiyekuwako, na ruta ikalaumiwa bure. `IdentityFile` haifuati kanuni hiyo: zote zinazolingana hukusanywa. Kabla ya kulaumu kifaa, endesha `ssh -G siyu`. Huchapa mipangilio yote kama itakavyotumika bila kuunganisha popote.

`IdentitiesOnly yes` inazuia kosa la `Too many authentication failures`. Fundi mwenye funguo saba kwenye wakala wake wa SSH huzitoa moja moja, na sshd (SSH ya upande unaopokea) hufunga mlango baada ya majaribio 6, huenda kabla ufunguo sahihi haujafikiwa.

`HostKeyAlias` ndiyo tunayoipenda kuliko zote. Poti ya nne ya LAN ya kila ruta ya OpenWrt imeachwa 192.168.1.1 kwa ajili ya anayefika na waya. Sita zenye anwani moja: ukiunganisha ya pili, SSH inapiga kelele kwamba utambulisho wa kifaa umebadilika. Mtu akiizoea kelele hiyo, anafuta mstari wa `known_hosts` (orodha ya vifaa vinavyotambuliwa) bila kusoma, na siku ya hatari ya kweli ataufuta vivyo hivyo. Kwa `HostKeyAlias`, Siyu inatambuliwa kama `siyu.amu.internal` uingie kwa handaki au kwa waya, na kelele ikitokea ina maana. Alama za funguo za vifaa zilisomwa mezani, kutoka kwenye kifaa chenyewe:

```
dropbearkey -y -f /etc/dropbear/dropbear_ed25519_host_key
```

Kuhusu `ProxyJump`: ufunguo haupelekwi `nanga`, unabaki kwenye kompyuta ya fundi. Na ukiandika jina badala ya nambari kwenye `HostName`, jina hilo linatafutwa na `nanga`, si na kompyuta yako. Ndiyo maana jina linaweza kushindwa kwa `ping` nyumbani na bado `ssh` ikafika.

Juma la 4: majina

Kuingia kunatumia nambari, lakini ukurasa wa hali ya mtandao na skripti za nakala zinataka majina. Jaribio la kwanza lilikuwa `siyu.local`. Halikufaa. `.local` imetengewa utafutaji wa majina wa jirani kwa jirani, na kwenye Ubuntu faili `/etc/nsswitch.conf` lina `mdns4_minimal [NOTFOUND=return]` kabla ya `dns`: jina la `.local` lisipojibiwa na majirani, DNS (huduma ya kubadili majina kuwa anwani) haiulizwi kabisa. Kilichopoteza muda ni kwamba `nslookup siyu.local` ilijibu sawasawa, kwa kuwa `nslookup` huiuliza DNS moja kwa moja. Pima kwa `getent hosts siyu.local`, hiyo hufuata njia ile ile inayofuatwa na programu nyingine.

Tukahamia `amu.internal`. Neno `.internal` lilitengwa na ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, mwaka 2024 kwa mitandao ya ndani, halitauzwa kwa mtu. Majina yako kwenye dnsmasq (seva ndogo ya majina) ya `nanga`, na kila ruta inayaulizia huko:

```
uci add_list dhcp.@dnsmasq[0].server='/amu.internal/10.77.0.1'
uci add_list dhcp.@dnsmasq[0].rebind_domain='amu.internal'
uci commit dhcp
/etc/init.d/dnsmasq restart
```

Mstari wa pili ulisahaulika Kipungani. Majina yalitafutika `nanga`, lakini Kipungani yakarudi tupu. `logread` ilisema `possible DNS-rebind attack detected`: dnsmasq ya OpenWrt hutupa jibu lolote kutoka seva ya nje lenye anwani ya ndani kama 10.x, ili tovuti ya hila isimpeleke mteja kwenye vifaa vyake mwenyewe. Usiuzime ulinzi huo wote kwa `rebind_protection '0'`. Ruhusu jina lako peke yake.

Duara jingine lilikuwa Langoni, kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo) inayokusanya nakala. Intaneti ikikatika, SSH kutoka chumba cha pili ilichukua sekunde 20 kuuliza chochote. Faili lake la `sshd_config` lilinakiliwa kutoka mashine ya zamani likiwa na `UseDNS yes`. Hapo sshd hulitafuta jina la kila anayeingia. Seva mbili za majina hazifikiki, kila moja inangojwa sekunde 5, mara mbili. OpenSSH yenyewe iliacha desturi hiyo tangu 6.8 ya mwaka 2015. Imewekwa `no`. Jina la mashine yenyewe pia limeongezwa kwenye `/etc/hosts`, maana `sudo` nayo ilikuwa inalisubiri.

Juma la 5: Kizingitini yaitika ping, SSH yaganda

Salamu nzuri, ping nzuri, `ssh -v` inaishia `expecting SSH2_MSG_KEX_ECDH_REPLY` na kukaa hapo. Ukiona mstari huo, fikiria ukubwa wa paketi kabla ya funguo. Paketi kubwa za kwanza hupita karibu na hatua hiyo.

```
ping -M do -s 1392 10.77.0.19
```

Ikafa. Ikapita kwa 1332. Ukijumlisha baiti 28 za vichwa ni 1360, na WireGuard huongeza 60 nje. Imewekwa `option mtu '1360'` (ukubwa wa juu wa paketi) kwenye `wg0` ya Kizingitini, na `mtu_fix '1'` kwenye eneo la fayawoli kwa ajili ya wateja wa nyuma yake. SSH ikaingia papo hapo.

Juma la 6: njia ya akiba, na kubadilisha bila kujifungia

Handaki likifa kwa sababu yoyote, kila ruta ya OpenWrt isipokuwa Kipungani ina kamba ya pili: SSH ya kinyume (ruta ndiyo inayoianzisha, nasi tunairudia) kwa TCP kwenda `nanga`, kwa mtumiaji `kamba` asiye na uwezo mwingine. Mstari wa Siyu kwenye `authorized_keys` yake:

```
restrict,port-forwarding,permitlisten="localhost:2217" ssh-ed25519 ...
```

Kwenye `sshd_config` mtumiaji huyo amewekewa `AllowTcpForwarding remote`, vinginevyo anayeiba ruta anaweza kuitumia `nanga` kufika kwingine. `Host siyu-akiba` ni `localhost` poti 2217 kupitia `nanga`, na `HostKeyAlias` ile ile inamshika.

Kamba hii ilishindwa mara ya kwanza 4G ilipoyumba. Ruta ilirudi, ikajibiwa kwamba poti 2217 imeshikwa. Aliyeishika ni muunganisho wake wenyewe uliokufa, ambao `nanga` ilidhani bado uko hai. `ClientAliveInterval 30` na `ClientAliveCountMax 3` upande wa seva zinaukata muunganisho huo baada ya dakika moja na nusu; `ExitOnForwardFailure=yes` upande wa ruta inaifanya ife na kujaribu tena badala ya kubaki imeunganishwa bila faida.

Kwa mabadiliko ya mtandao, MikroTik ina hali salama: bonyeza Ctrl+X, fanya kazi, na kikao kikikatika mabadiliko yanarudishwa baada ya dakika kadhaa. OpenWrt kwenye terminali haina, kwa hiyo tunaweka saa ya kurudi:

```
cp -a /etc/config /root/config.zamani
(trap '' HUP; sleep 300; cp -a /root/config.zamani/. /etc/config/; reboot) >/dev/null 2>&1 </dev/null &
```

Ukiingia upya salama, unaiua. Usipoingia, baada ya dakika tano ruta inarudi ilivyokuwa. Umeme ukikatika ndani ya dakika hizo saa hiyo inakufa pamoja na ruta, na mipangilio mipya ndiyo itakayowaka. Kwa hiyo betri ya kituo inaangaliwa kwanza.

Kuhusu kupandisha toleo la OpenWrt: `sysupgrade` hutunza mipangilio, haitunzi programu zilizoongezwa. Faza ilipojaribiwa mezani ilirudi na usanidi wa `wg0` mzima na bila `wireguard-tools`. Ingekuwa kisiwani, ingekuwa na intaneti na hakuna wa kuingia kuiwekea. Sasa kila toleo linajengwa kwa ImageBuilder (zana ya OpenWrt ya kujijengea toleo) likiwa na WireGuard ndani yake, na faili zetu zilizo nje ya `/etc/config` zimeorodheshwa kwenye `/etc/sysupgrade.conf`.

Yaliyobaki

Kipungani haina kamba ya akiba bado. Laini yake ya 4G ni dhaifu na antena inangoja kupandishwa juu ya paa. Redio ya zamani ya Manda itabadilishwa, na siku hiyo mistari miwili ya `ssh-rsa` ifutwe kwenye faili. Faza na Kizingitini zimezimwa kwa swichi mara tatu kila moja, dakika kumi kwa mara. Mara zote sita handaki lilipanda lenyewe, refu kuliko yote likichukua dakika mbili na nusu, muda mwingi ukiwa wa 4G kujisajili.